Chanjo isibebe damu kutoka ng'ombe hadi ng'ombe

Homa ya Bonde la Ufa ikishalipuka, Shirika la Afya Duniani (WHO) hutoa ushauri ambao mfugaji akiusikia kwa mara ya kwanza hudhani amesikia vibaya: msianze kuchanja mifugo. Chanjo ipo na inajulikana, lakini mlipuko ukishaanza iachwe, maana inaweza kuukoleza. Kiini cha hofu hiyo ni sindano. Mchanjaji anayetoka kwa kondoo mmoja kwenda kwa mwingine na sindano ile ile hawezi kujua ni yupi kati yao tayari ana virusi. Mnyama aliyeambukizwa huwa na virusi tele katika damu hata kabla hajaonyesha dalili. Sindano huingia kwake, ikatoka na damu isiyoonekana kwa macho, ikaingia kwa mwenzake. Kazi iliyokusudiwa kuliokoa zizi hugeuka njia ya kulimaliza.

Jambo hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki kuliko watu wengi duniani. Virusi hivyo vilitambuliwa karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1930, baada ya kondoo kufa na kutupa mimba kwa wingi. Aina ya virusi iliyotumika kutengeneza chanjo ya zamani, ile ya Smithburn, ilipatikana kwa mbu waliokamatwa katika msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua mamia ya watu Kenya, Somalia na Tanzania. Hapa Tanzania peke yake waliokufa walizidi 100. Mvua kubwa zikirudi, mbu hurudi, na ugonjwa huweza kurudi nao. Halafu, wakati tunapoihitaji chanjo kuliko wakati mwingine wowote, ndipo tunapokatazwa kuitumia.

Yeyote aliyewahi kuwa zizini siku ya chanjo anajua kwa nini katazo hilo lina maana. Ng'ombe wamesongamana, vumbi limetanda, vijana wanashika pembe na mikia. Bwana mifugo ana chupa ya dozi nyingi, na chanjo ikishachanganywa na maji yake inatakiwa iishe ndani ya saa chache. Akibadilisha sindano kwa kila mnyama, jua litazama kabla ya kazi kuisha, na sindano alizopewa hazitoshi hata robo ya kundi. Kwa hiyo sindano moja huchoma mpaka iwe butu au ipinde. Simlaumu bwana mifugo huyo. Mwongozo unamwambia abadilishe, mazingira aliyowekwa yanamwambia amalize. Ninayemlaumu ni anayepanga kampeni kwa kuhesabu chupa za chanjo bila kuhesabu sindano.

Wala Homa ya Bonde la Ufa haiko peke yake. Ndigana baridi nayo husafiri kwa damu. Sisi tumezoea kumlaumu kupe, na ni kweli kupe ndiye mwenezi mkuu, lakini mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila ofisa mifugo angepaswa kulijua. Walimdunga maksai mwenye vimelea vya ndigana baridi, kisha kwa kifaa kile kile wakamdunga maksai mzima. Katika kundi la maksai 10 waliodungwa kwa sindano, 6 waliambukizwa. Katika kundi lililodungwa kwa kifaa kisicho na sindano, hakuambukizwa hata mmoja. Fikiria maana yake kwa mfugaji wa Kishapu au Kajiado. Anapeleka ng'ombe joshoni kila wiki, analipia dawa ya kuua kupe, kisha siku ya chanjo ugonjwa ule ule alioukimbia unaletwa na mkono wa binadamu.

Kifaa hicho cha Kansas ndicho ninachotaka tukizungumzie. Kina umbo la bastola. Ndani yake, springi, gesi iliyoshindiliwa au mota ya betri husukuma dawa kupitia tundu lenye upana wa sehemu ndogo tu ya milimita. Dawa hutoka kwa kasi kubwa kiasi kwamba inaipenya ngozi yenyewe, bila chuma chochote kuingia mwilini. Nguvu ikipimwa sawasawa, dawa haifiki kwenye msuli. Inabaki katikati ya matabaka ya ngozi. Tendo lote huisha kabla mnyama hajageuza shingo.

Nchi zenye ufugaji mkubwa wa nguruwe zimekwishavuka hatua ya kujiuliza kama jambo hili linawezekana. Kampuni ya Intervet ya Boxmeer, Uholanzi, ambayo siku hizi ni sehemu ya MSD Animal Health, ilileta kifaa kiitwacho IDAL, kinachotia dozi ya mililita 0.2 kwenye ngozi ya nguruwe, wakati chanjo ya kawaida ya msuli ni mililita 2. Kampuni ya HIPRA ya Uhispania nayo ina kifaa chake. Wafugaji wa kule walikubali kwa sababu za biashara, na sioni aibu kuzitaja: sindano zilizokuwa zikikatikia ndani ya nyama, majipu shingoni ambayo mchinjaji huyakata na kuyatupa, na nguruwe wanaomwona mchanjaji wakaanza kukimbizana. Watafiti waliolinganisha njia hizi mbili wameona nguruwe wakionyesha hofu na maumivu kidogo zaidi pale sindano inapoondolewa. Hilo la maumivu huku kwetu halipewi uzito, na nadhani tunakosea. Mnyama aliyeumizwa leo ndiye atakayekataa kuingia kwenye kibanio kesho, na kumvuta kwake ndiko kunakovunja mikono ya watu.

Kwa nini ngozi? Mwaka 1868 mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, Paul Langerhans, aliona kwa hadubini seli zenye matawi katika ngozi ya binadamu, akadhani ni za mishipa ya fahamu. Zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla kazi yake haijaeleweka vizuri. Ralph Steinman, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011, ndiye aliyeonyesha kazi ya seli za jamii hiyo: hukamata kijidudu kinachoingia, hukisafirisha hadi kwenye tezi za kinga na kuwaonyesha askari wa mwili adui ni nani. Msuli hauna seli nyingi za aina hiyo. Ngozi inazo tele, kwa sababu ndiyo inayokutana na dunia kwanza. Kuweka chanjo kwenye msuli ni kuacha barua shambani ukitumaini mtu ataiokota. Kuiweka kwenye ngozi ni kumkabidhi mjumbe mkononi.

Ndiyo maana dozi ndogo huweza kutosha. Upande wa binadamu hili halina ubishi tena kwa baadhi ya chanjo. WHO inakubali chanjo ya kichaa cha mbwa itolewe kwenye ngozi kwa mililita 0.1 kila sehemu, kiasi kidogo sana kuliko kinachodungwa msulini. Mwaka 2019 mjini Karachi, Pakistan, watoto walichanjwa polio kwa sehemu moja ya tano ya dozi, kupitia ngozi, kwa vifaa visivyo na sindano. Kwa mifugo, watafiti wamejaribu dozi ndogo za chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo kwenye ngozi ya nguruwe na ng'ombe na kupata matokeo ya kutia moyo. Dozi ikipungua, chupa hupungua. Chupa zikipungua, sanduku lile lile la barafu linalobebwa kwa pikipiki kutoka makao makuu ya wilaya huchanja kundi kubwa zaidi kabla barafu haijayeyuka. Anayejua barabara za Longido au Turkana haoni jambo hilo kuwa dogo.

Lakini sitaki msomaji aniache hapa akidhani nimemletea muujiza. Dozi haipunguzwi kwa kugawanya tu kwa karatasi na kalamu. Kila chanjo hupimwa kivyake. Na kifaa chenyewe kina historia yenye doa. Kati ya 1984 na 1985, katika kliniki moja ya kupunguza unene huko California, watu 31 waliugua homa ya ini aina ya B. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa bastola ya kudungia isiyo na sindano iliyotumiwa kwa mtu mmoja baada ya mwingine. Damu ilikuwa imerudi mdomoni mwa kifaa. Mwaka 1997 jeshi la Marekani liliacha kutumia bastola za aina hiyo kwa askari wake, na vifaa vipya vya binadamu vikatengenezwa vikiwa na mdomo unaotupwa baada ya mtu mmoja. Vifaa vingi vya mifugo hutumia mdomo mmoja kwa wanyama wengi. Jaribio la Kansas linatia moyo, lakini lilihusu ugonjwa mmoja na maksai wachache. Virusi vya Homa ya Bonde la Ufa hujaa katika damu kwa kiwango cha kutisha. Kabla mtu hajasema tuchanje wakati wa mlipuko kwa kifaa hiki, nataka nione jaribio la namna ile ile likifanyika kwa kondoo wetu, katika maabara yenye ulinzi unaostahili, na mdomo wa kifaa ukipimwa baada ya kila mnyama.

Kuna somo jingine la zamani. Katika vita dhidi ya ndui, Wamarekani walikuja Afrika Magharibi na Kati mwaka 1967 wakiwa na bastola za kuchanjia ngozini zilizoweza kuchanja mamia ya watu kwa saa. Zilifanya kazi nzuri, lakini ziliharibika, zikahitaji vipuri na mafundi. Sehemu kubwa ya dunia ikakombolewa na kitu duni kwa mwonekano: kisindano chenye ncha mbili, kilichochovywa kwenye dawa na kuchomachoma ngozi mara kadhaa, ambacho mwanakijiji aliweza kujifunza kukitumia kwa dakika chache. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kuambukizwa kwa njia ya asili alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977. Kwa hiyo nikisikia mtu anataka kutuuzia kifaa kinachohitaji mitungi maalumu ya gesi kutoka Ulaya, nitamuuliza nani atakitengeneza Mpanda siku kitakapogoma. Kinachotufaa ni kile cha springi inayokazwa kwa mkono, kinachofunguka, kinachosafishika, na ambacho kipuri chake kinapatikana Dar es Salaam au Nairobi.

Mashaka mengine ni ya zizini kabisa. Ngozi ya zebu ni nene, ina matope, ina makovu ya kupe. Mbuzi ana manyoya, kondoo ana sufu. Kifaa lazima kigandamizwe wima kwenye ngozi. Mnyama akiruka dawa ikiwa inatoka, huishia nje ya ngozi, au ngozi huchanika. Chanjo za mafuta mazito hazipiti kirahisi kwenye tundu jembamba. Mlio wa kifaa nao huwashtua baadhi ya wanyama.

Na kuna chanjo ambazo pengine hazifai kabisa kukaa ngozini. Louis Willems, daktari wa Hasselt, Ubelgiji, alianza kuwakinga ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu ya ng'ombe kwenye miaka ya 1850 kwa kuwatia majimaji ya pafu lenye ugonjwa kwenye ncha ya mkia. Wengi walipona, lakini wapo waliovimba vibaya na mikia ikaoza na kudondoka. Chanjo tunayotumia leo dhidi ya ugonjwa huo, T1/44, inatokana na kijidudu kisicho kikali kilichopatikana hapa Tanzania mwaka 1951, na hata yenyewe huweza kuleta uvimbe mahali ilipodungwa. Mtu akiniambia twende tukaitie ngozini kesho asubuhi, nitapinga. Ningeanza na sotoka ya mbuzi na kondoo. Dunia imejiwekea lengo la kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030, chanjo yake ni unga unaoyeyushwa kwenye maji mepesi, na mbuzi ni rahisi kumshika kuliko fahali.

Tukumbuke pia kwamba kuchanja bila sindano si jambo geni vijijini mwetu. Chanjo iliyookoa kuku wengi wa kienyeji dhidi ya mdondo, ile ya I-2 inayostahimili joto, huwekwa kwa tone moja kwenye jicho, na anayeiweka mara nyingi ni mwanamke wa kijijini aliyefundishwa, si daktari. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Ndui ya kuku huchanjwa kwenye ngozi nyembamba ya bawa. Chanjo ya tone ilifanikiwa kwa sababu iliondoa vitu viwili kwa pamoja, barafu na sindano. Sioni kwa nini mwenye kuku apate chanjo iliyobuniwa kwa kuyaangalia mazingira yake, halafu mwenye mbuzi aambiwe avumilie.

Hoja hii ina haraka, na sababu yake ni kampeni zinazoendelea. Juni 2025, Bariadi mkoani Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, serikali ikibeba sehemu ya gharama. Kenya ilitangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya sotoka yao. Ninaziunga mkono kampeni hizi kwa moyo wote. Kanda iliyoiona sotoka ya ng'ombe ikitokomezwa duniani mwaka 2011, kwa chanjo ambayo Walter Plowright na wenzake waliitengeneza Muguga, Kenya, haiwezi kubeza chanjo. Ila mamilioni hayo ya wanyama, kila mmoja akirudiwa mwaka hadi mwaka, ni mamilioni ya nafasi za sindano kupita kutoka damu moja hadi nyingine. Fedha zikishatolewa na vifaa vikishanunuliwa, hakuna atakayerudi nyuma kuuliza swali hili.

Yapo pia ya usalama wa mchanjaji, ambayo hayasemwi vya kutosha. Wataalamu wa mifugo wameugua brusela kwa kujichoma kwa bahati mbaya na chanjo hai ya ugonjwa huo. Chanjo ya mafuta ikiingia kidoleni huweza kumfanya mtu apoteze kidole asipopasuliwa haraka. Na sindano zilizotumika, zikiachwa kwenye samadi, hukanyagwa na watoto wanaochunga bila viatu.

Ninachopendekeza si kununua maelfu ya bastola mwaka huu. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na wenzao wa taasisi za utafiti wa mifugo za ILRI na KALRO upande wa Kenya wana watu wanaoweza kufanya majaribio haya. Wapewe fedha, wachague vifaa viwili au vitatu, wavipime kwa mbuzi, kondoo na zebu halisi wa wafugaji halisi, kiangazi na masika. Wapime kinga kwenye damu, wapime uchafu kwenye mdomo wa kifaa, wahesabu muda na gharama kwa kila mnyama, kisha wachapishe kila kitu, pamoja na yaliyoshindikana. Wafugaji wawepo tangu siku ya kwanza. Kelele zilizoibuka Kenya kuhusu kampeni yao zilionyesha kwamba mfugaji asipoelezwa, hujieleza mwenyewe, na bastola inayopiga ngozi ya ng'ombe itazua maneno mengi kama italetwa kimyakimya. Mfugaji akishawishika kwa macho yake hulipa: wafugaji wa Kimasai wa kaskazini mwa Tanzania wamekuwa wakilipia wenyewe chanjo ya ndigana kali kwa miaka mingi, ingawa si ya bei rahisi, kwa sababu waliwaona ndama wakipona.

Tena tusijidanganye kwamba chanjo ndiyo sindano pekee inayoingia zizini. Sindano nyingi zaidi ni za dawa, zinazonunuliwa duka la pembejeo na kudungwa na mfugaji mwenyewe kwa bomba linalokaa dirishani mwaka mzima. Kifaa kipya cha serikali hakitaligusa bomba hilo. Elimu ndiyo itakayoligusa, pamoja na sindano za bei nafuu kwenye kila duka linalouza dawa ya sindano.

Kwa hiyo nawaomba wizara za mifugo za nchi zetu mambo mawili. La kwanza, zabuni yoyote ya chanjo itakayotangazwa kuanzia sasa itaje idadi ya sindano sambamba na idadi ya dozi, na chupa zisiondoke ghalani bila sindano zake. La pili, itengwe fedha ya kujaribu uchanjaji wa ngozi bila sindano kabla mvua kubwa nyingine hazijatukuta. Nawe mfugaji, bwana mifugo akifika kwako, mpokee, mpe maji, mshikie ng'ombe vizuri, na umwombe afungue sindano mpya mbele ya macho yako kabla hajaanza na kundi lako. Hiyo ni haki yako, na mchanjaji mwema hatakasirika kuombwa.